Bawabu wa Shingo ya Kibibi

Kisa hiki ni cha Mwatumu, fundi cherehani, na nchi aliyoikuta huko alikokwenda. Alifikaje? Msiniulize. Aendaye kwa miguu hufika amechoka, aendaye kwa chombo hufika amekunjamana, na wote wawili hufika. Sisi tumkute amekwisha fika, mtandio umempinda kichwani, barua kaificha kifuani, kasimama mbele ya lango la nchi iitwayo Afueni.

Barua yenyewe ilitoka kwa muuguzi mmoja wa kwao, mama mkali mwenye miwani, aliyekuwa akipanga mafaili ya zamani hospitalini. Katika kupanga akalikuta jina la Kibibi, dada yake Mwatumu. Kibibi aliugua saratani ya tezi akiwa na miaka ishirini na miwili. Uvimbe ulimtokea shingoni, na tezi nyingine zikavimba tumboni, akapigwa mionzi huku na huku, na akapona, alhamdulillahi. Lakini muuguzi aliandika hivi: mtu aliyepigwa mionzi ya tumbo angali kijana, utumbo wake mpana usingoje uzee ndipo utazamwe. Huweza kuota vinyama kimya kimya, bila maumivu wala dalili, na kinyama kikiachwa miaka hugeuka saratani nyingine kabisa. Kikionekana mapema hukatwa, na mambo yakaisha. Kibibi sasa alikuwa na miaka arubaini na minane, na utumbo wake haujatazamwa hata siku moja.

"Mpelekee kwa mkono wako," muuguzi alimwambia Mwatumu. "Nimeandika mara tatu. Huko Afueni aliko hawajibu."

Basi kazi ya Mwatumu ilikuwa moja tu: dada yake atazamwe tumbo. Hakuwa na ndugu mwingine duniani.

Sasa niwaeleze Afueni ni nchi gani. Ni nchi ya waliopona saratani. Ukipona kwenu, ukitaka, unahamia. Wanakupokea kwa ngoma, wanakutupia kitambaa cheupe begani, na tangu siku hiyo jina lako linawekwa kando, unaitwa Aliyepona. Harusini unapakuliwa kwanza. Penye foleni unapita mbele, na hakuna wa kukunung'unikia. Watu wa huko hawaulizani hali, maana kumuuliza mtu hali ni kumtilia shaka. Mmoja husema, "Umepona!" mwenzake hujibu, "Nimepona!" na kila mtu hushika njia yake. Mwatumu, kwa malezi ya kwao, alimwambia mlinzi wa lango, "Habari za afya, baba?" Lo! Mlinzi aliangusha kalamu. Alimrudisha nje, akamwambia aingie upya, kana kwamba hakusema kitu.

Lakini ajabu kubwa ni mabawabu. Kila Aliyepona hupewa na serikali bawabu wake, na kazi ya bawabu ni kukitazama kile kiungo ambacho ugonjwa uliingilia. Kama ulikuwa wa titi, anatazama titi, kwa adabu zote, nguo ikiwa juu yake. Kama ulikuwa wa mguu, anatazama mguu. Bawabu huvalishwa kola ya mbao ili kichwa kisigeuke, na asubuhi na jioni huandika kwenye daftari: Mlango umefungwa. Sheria yao ya kwanza imechorwa ukutani kila mahali: Mwizi huijua njia aliyoipitia. Mwatumu aliambiwa habari za bwana mmoja aliyewahi kuugua kwenye goti, na bawabu wake alilitazama goti lile mpaka usiku wa harusi. Bibi harusi alivumilia, maskini, angefanyaje?

Bawabu wa Kibibi aliitwa Mzee Mbaruku. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kikohozi kidogo cha heshima alichokitoa kila alipotaka kusema. Dada wawili walipokumbatiana baada ya miaka ishirini na sita, wakilia na kucheka na kuulizana huyu kafa lini na yule kaolewa na nani, Mzee Mbaruku alikuwa pembeni juu ya kigoda chake, macho kayakaza kwenye shingo ya Kibibi.

"Huyu atakaa hapa mpaka lini?" Mwatumu akanong'ona.

"Mpaka nife, mdogo wangu. Usimjali. Ni mtu mwema sana."

Kibibi alinawiri. Mashavu yalimjaa, kitambaa chake cheupe kimepigwa pasi kikanyooka. Mwatumu alipomsomea barua, Kibibi alisikiliza mpaka mwisho huku akichambua mchele, kisha akasema, "Siumwi popote."

"Ndiyo maana, dada. Yasemwa wazi humu: bila dalili."

"Sasa mtu haumwi, atazamwe nini? Huko kwenu mmekosa kazi?"

Mwatumu hakutaka kushindana siku ya kwanza. Siku ya pili alimshika mkono wakaenda barazani kwa Mkuu wa Milango, Bwana Mshangama, Mzee Mbaruku akiwafuata ubavuni, macho shingoni. Bwana Mshangama alikuwa mtu wa tabasamu na tumbo, na aliipokea barua ile kwa vidole viwili.

"Suala hili tunalijua vizuri," akasema. "Lina kamati yake."

Kweli ilikuwapo. Wajumbe waliitwa, wakaja na vikombe vyao vya chai. Walikuwa wa makundi matatu. Watu wa Picha walitaka tumbo lipigwe picha na mashine ya CT, ile inayompitisha mtu katikati ya duara na kuuonyesha utumbo wote kutoka nje. Watu wa Mpira walitaka uingizwe mpira mwembamba wenye kamera, kwa kuwa mpira ukikiona kinyama unakikata hapo hapo. Kila kundi lilimsema mwenzake. Mpira unahitaji dawa ya usingizi, picha haihitaji. Picha ikikiona kinyama, bado utauhitaji mpira. Mzee mmoja akasimama kwa uchungu: mama huyu alikwisha pigwa mionzi ya kutosha, leo mnataka kumwongezea? Akajibiwa kwamba mionzi ya picha ni kidogo mno ukilinganisha na ile ya matibabu. Akajibu kwamba kidogo na kidogo hujaza kibaba. Kundi la tatu, Watu wa Adabu, hawakuwa upande wowote. Wao walisema kiungo chenyewe hakitajwi mbele za watu, na wakaomba kumbukumbu ziandike "mahali pale."

Yalikuwa maneno yenye akili, Mwatumu alikiri moyoni. Akasikiliza mpaka chai ya pili, ndipo akauliza, "Samahani, wazee wangu. Kamati hii ina muda gani?"

"Miaka kumi na tisa," akasema Bwana Mshangama kwa fahari.

"Na katika miaka hiyo wametazamwa watu wangapi?"

"Kwa njia ipi?"

"Yoyote."

Bwana Mshangama akamtazama kwa huruma. "Binti yangu, watatazamwaje kabla njia haijachaguliwa?"

"Basi mumpige picha dada yangu huku mkiendelea kuzungumza. Mashine mnayo, nimeiona."

Aliiona kweli, njiani. Ilikuwa katika Nyumba ya Picha, duara kubwa jeupe lenye kitanda katikati, na juu yake limetandikwa kitambaa kilichotariziwa kwa nyuzi za kijani: Kinga ni Bora Kuliko Tiba. Mwatumu, kwa jicho la ufundi, aliona kitambaa kile hakikuwa na mkunjo hata mmoja, ishara ya kitu kisichofunuliwa mara kwa mara.

"Mashine inafanya kazi," akasema Bwana Mshangama. "Ila picha hufuata macho ya bawabu. Bawabu akitazama shingo, tutampiga shingo. Tumekwisha mpiga shingo, ni nzuri sana. Mwizi huijua njia aliyoipitia."

"Kwetu mwizi akikuta mlangoni pana askari, hupitia dirishani."

Watu wakacheka, kisha wakakumbuka walipo, wakakohoa. Bwana Mshangama hakucheka. Akamgeukia Kibibi. "Aliyepona, sikiliza. Bawabu akikutazama mahali pengine, maana yake tumekushuku. Ukishukiwa, wewe ni mgonjwa. Mgonjwa anavaa kitambaa?"

Mkono wa Kibibi ukaenda wenyewe begani, ukakishika kitambaa. "Tumeelewa, Mkuu," akasema. "Tusamehe kwa kukusumbua."

Walipofika nyumbani Mwatumu akaukomea mlango, akavua mtandio, akautupa kitandani.

"Umefurahi!"

"Nani?"

"Wewe! Alipokataa umefurahi. Nimekuona. Nimetoka kwetu mpaka huku, nimefunga cherehani yangu, wateja wananilaani, na wewe unamshukuru yule bwana kwa kukuacha ufe!"

"Sifi! Nimepona! Hukioni hiki?" Kibibi akakivuta kitambaa chake begani. "Unajua nilikuwaje kabla yake? Wewe ulikuwa mtoto, ulitolewa nje. Mimi ndiye niliyelala pale nywele zinabaki kwenye mto. Majirani walikuja kunitazama kama maiti inayongoja kuzikwa. Hapa nimefika, mtu wa kwanza kukutana naye akaniambia umepona. Miaka ishirini na sita naambiwa umepona, kila siku, na kila mtu. Leo nikalale tena kwenye kitanda cha hospitali? Nikakae kwenye benchi nikingoja daktari atoke na uso ule? Naujua uso ule, Mwatumu. Naogopa. Haya, nimesema. Naogopa!"

Hasira zote zikamwishia Mwatumu. Akakaa chini sakafuni, miguuni pa dada yake, akakilaza kichwa magotini mwake kama alivyofanya alipokuwa mdogo.

"Na mimi naogopa," akasema. "Mama nilimzika peke yangu, ulikuwa huku. Baba nilimzika peke yangu. Wewe sitaki kukuzika, dada. Siwezi. Kama kuna kitu kidogo kinachokatwa kikaisha, kikatwe. Kama hakuna, nitakwenda zangu na sitakusumbua tena. Lakini tutazame."

Kibibi akampapasa nywele. "Sawa," akasema mwishowe. "Ningekubali. Lakini umesikia sheria, picha hufuata macho ya bawabu."

Hapo wakasikia kikohozi. Jamani, walikuwa wamemsahau! Mzee Mbaruku alikuwa kwenye kigoda chake, machozi yakimtiririka na kuingia ndani ya kola.

"Bibie," akasema, "niwie radhi kwa kusikia. Mimi shingo yako naijua. Nimeitazama tangu haina mkunjo, na sasa ina mikunjo miwili. Haina kitu. Asubuhi naandika haina kitu, jioni naandika haina kitu. Jana mdogo wako alipoisoma ile barua, sikulala. Nikajiambia, Mbaruku, umelinda mlango miaka ishirini na sita, na nyumba ina madirisha."

"Usiseme hivyo, baba. Utafukuzwa."

"Nitafukuzwa," akakubali. "Nina miaka sitini na nane, watanifukuza niende wapi?"

Akapeleka mikono nyuma ya shingo. Mwatumu akainuka kumsaidia, akitarajia kufuli au msumari, akakuta kishikizo kimoja tu, cha kawaida, kama cha kanzu. Alikifungua kwa vidole viwili. Mzee Mbaruku akageuza kigoda chake, akainamisha kichwa taratibu kwa maumivu, mifupa ikalia, akalitazama tumbo la Kibibi.

Nyumba ya Picha ilikuwa chini ya mama mmoja aitwaye Fundi Salha, mwembamba, mwenye maneno machache na mikono yenye joto. Alimkuta Mzee Mbaruku mlangoni macho yameelekea tumboni, akamtazama yeye, akamtazama Kibibi, kisha akasema, "Sheria inasema macho ya bawabu. Haisemi nani kayageuza. Kesho kutwa njooni. Kesho usile chakula kigumu, unywe dawa hii ya kusafisha tumbo, na maji mengi."

Siku ya dawa sitaisimulia yote, nina heshima zangu. Itoshe kusema kwamba Kibibi alikwenda msalani mara kumi na nne, na kwa kuwa bawabu haruhusiwi kumwacha, Mzee Mbaruku alibeba kigoda chake mara kumi na nne, akakaa nje ya mlango akiupa mgongo, na kila mara Kibibi alipolalamika humo ndani yeye alijibu, "Pole, bibie. Inasafisha." Mwatumu alicheka mpaka akashika ukuta. Na Kibibi naye alicheka humo humo.

Siku ya siku, Fundi Salha alikikunja kile kitambaa cha kijani akakiweka kwenye kiti. Akaeleza: atampitishia kimpira kidogo, tumbo lijazwe hewa utumbo utanuke, kisha apigwe picha akiwa chali na akiwa kifudifudi.

"Hewa?" Kibibi akauliza. "Kupitia wapi?"

"Huko huko unakokufikiria."

"Yarabi!"

"Nilikojifunza kazi, kila aliyelala alinitazama hivyo hivyo, na wote walinyanyuka wamesahau. Ni kama kujaa gesi. Dakika kumi na tano. Wale wa kamati wana miaka kumi na tisa."

Kibibi akalala. Mwatumu na Mzee Mbaruku walisimama nyuma ya kioo. Sauti ikamwambia vuta pumzi, ishike, na Mwatumu naye akaishika yake, mpaka Mzee Mbaruku akamgusa bega kumkumbusha kwamba yeye hakuamriwa.

Fundi Salha alizitazama picha peke yake kwa muda, kisha akaja na mtaalamu mwenzake, daktari, wakazitazama tena. Alipotoka hakuuvaa ule uso ambao Kibibi aliuogopa. Alikaa naye kwenye benchi, magoti kwa magoti.

"Kuna kinyama," akasema. "Kimoja, upande wa kulia, ukubwa wa punje ya mahindi. Si saratani kwa ninavyoona, lakini kingeachwa, ndiyo njia yake. Mwenzangu ana mpira na tumbo lako ni safi. Ukikubali, anakitoa leo."

Kibibi akamtafuta Mwatumu kwa macho, akaushika mkono wake, akaubana mpaka pete ikamuumiza. "Kitoeni," akasema.

Kikatolewa. Kilipopimwa, kilikuwa kile cha kugeuka ambacho hakijageuka. Mwatumu aliposikia hivyo alikaa chini pale pale kwenye korido, akalia kwa sauti, bila aibu yoyote, watu wakipita na kumwambia umepona.

Habari haikufichika, ingefichikaje? Siku ya tatu baraza likakutana. Watu wa Picha walisema ni ushindi wa picha. Watu wa Mpira walisema ni ushindi wa mpira. Watu wa Adabu walifurahi kwamba mahali pale hapakutajwa sana. Kisha Bwana Mshangama akasimama kutoa hukumu, na nasema kweli, alikuwa na uso wa mtu mwenye nia njema.

"Mbaruku amevunja sheria, tumemwondoa kazini. Lakini tumejifunza. Sisi si watu wa kukataa kujifunza. Kumbe mwizi alikuwa na njia ya pili! Kwa hiyo Aliyepona huyu tunampa mabawabu wawili. Mmoja ataitazama shingo, na mwingine ataitazama sehemu ile ya kulia, pale pale kinyama kilipokatwa, asubuhi na jioni, maisha yake yote."

Wakapiga makofi. Hakuna katika Afueni aliyewahi kupewa mabawabu wawili. Mwatumu alijishika kichwa.

Kibibi akainuka. Alikuwa bado anatembea polepole. "Nashukuru," akasema. "Mmenipokea nikiwa mifupa, sitasahau. Lakini Fundi Salha ameniambia nirudi nitazamwe baada ya miaka mitatu, tumbo lote, na nitarudi kwa miguu yangu. Mabawabu siwataki. Hata mmoja."

"Asiye na bawabu hana kitambaa," Bwana Mshangama akasema, na sauti yake ilimsihi.

"Najua." Akakivua begani, akakikunja mara nne, akakilaza juu ya meza. "Nilikipenda sana hiki," akasema, akatoka akimshika Mwatumu mkono.

Asubuhi yake Mwatumu alikuwa anafunga mizigo yake ya kurudi kwao, Kibibi anakaanga maandazi uani, mlango ukabishwa. Alikuwa Mzee Mbaruku. Hana kola, hana daftari, hana kigoda. Alisema miguu imemleta yenyewe, mazoea tu, kisha akabaki amesimama kizingitini, kichwa kimeinama, anaangalia ndara zake.

"Karibu, baba. Mbona umesimama?"

"Sijui pa kutazama, bibie."

"Tazama unapotaka. Au usitazame kitu, unywe chai."

Akakaa mkekani. Kibibi akamletea kikombe, akachuchumaa mbele yake kumpa, na yule mzee akainua kichwa kidogo kidogo, akapita kifuani, akapita shingoni, akaendelea kupanda mpaka akafika usoni. Hapo akatulia.

"Kumbe una mvi, bibie," akasema.

Kibibi akajipapasa kichwa. Akaanza kucheka, na machozi yakamtoka akiwa bado anacheka.

"Ninazo, baba," akasema. "Na Mungu akipenda zitaongezeka."